Hakuna Lenzi

Kamera yaniambia: hakuna lenzi.
Nayo ipo, nimeifunga mwenyewe alfajiri,
nikasikia ule mlio wa kukaza, tk,
kidude cha shaba na kioo, kizito kama yai la bata,
kifupi hata mfuko wa shati unakimeza.
Ila hakina chipu, hakijui kujitambulisha,
na mashine isiyoitikiwa salamu
huamini mlangoni hapana mtu.

Nikaingia kwenye menyu, nikashuka ngazi baada ya ngazi
hadi pale palipoulizwa: nipige hata bila lenzi?
Nikajibu ndiyo.

Soroti, saa nne, uchochoro wa nyuma ya soko.
Jua limekwisha kuukaanga ule mwamba juu ya mji
na Okiror amekalia kreti la soda,
baiskeli mbele yake imepinduliwa, magurudumu juu,
kama mbuzi aliyekubali yaishe.
Kibao hana. Wenye baiskeli wanamjua.

Lenzi yangu ya kwanza ilikuwa na mota.
Ilichagua kabla sijachagua.
Ilipenda nyuso mno, ikimwacha mtu hai
ikamkimbilia mama wa kwenye bango la sabuni.
Nimeiuza. Sasa nina pete.

Chanda na pete, walisema, wakiwaza mapenzi.
Yangu ni ya alumini, ina meno pembeni,
na chanda changu kina kovu la kisu cha mihogo
linalokwama kwenye yale meno, kila mara
palipoandikwa mita mbili.

Nafungua tundu lote.
Ukali unabaki mwembamba kama karatasi ya sigara
iliyosimamishwa hewani, mahali fulani kati yangu naye.
Ndani ya kitazamio mistari myekundu inatambaa,
siafu wa mwanga, wanapanda kola, wanashuka kidevuni,
wanahama.
Nalenga jicho, napata sikio.
Nalenga sikio, napata ukuta.
Okiror anapumua tu, na kupumua kwake
kunatosha kunipotezea.

"Unazungusha," anasema bila kuinua kichwa,
"kama mtu anayefunga bomba."

Anasukuma gurudumu kwa kidole. Linaimba.
Anasogeza chaki karibu na rimu, asiiguse,
na pale penye kombo rimu yenyewe inakuja kujipaka.
Anakamata spoki, anatia ufunguo.
"Robo. Halafu sikiliza. Halafu robo.
Na lazima upite kidogo, urudi.
Asiyepita hajui alipotakiwa kusimama."

Basi nikapita, nikarudi.
Nikapita kidogo zaidi, nikarudi kidogo zaidi.
Siafu wakakusanyika, wakatulia.
Nikabonyeza.

Ya thelathini na moja, hiyo ndiyo nilimwonyesha,
kwa aibu, maana yeye mwenyewe ni ukungu,
bega la rangi ya matope na mkono usio na kucha.
Kilicho wazi kiko nyuma yake:
Asekenye, bintiye, kwenye kizingiti,
daftari gotini, hesabu ya kugawanya,
penseli fupi kuliko kidole kinachoishika,
na ncha ya ulimi imebanwa kwa meno.
Hata vumbi la kope zake lingehesabika.
Chini yake kamera imeandika:
lenzi, haijulikani. Tundu, sifuri.

Nikapeleka kidole kwenye alama ya kufuta.
Okiror akanishika kifundo, kwa mkono wa grisi.
Akatazama muda ambao ningeweza kumaliza chapati.

"Huyu," akauliza, "anatoa ulimi hivi tangu lini?"

Sikuwa na la kumjibu. Mimi nimefika leo.
Miaka mitatu anakaa pale, mgongo kwa mlango,
uso kwa wateja.

Akafuta mikono kwenye suruali.
Akarudi kwenye spoki zake, akalisukuma gurudumu likaimba,
akalisimamisha.
Kisha akainuka nusu, akashika kreti kwa chini
akaligeuza.
Robo.